Kobe Mgeni Nyumbani: Dhana Zinazomuumiza na Ukweli Wake

Kobe sulkata ni mnyama wa Sahel. Kwao ni ukanda mkavu unaoanzia Senegal na Mauritania, ukapita Mali, Niger na Chad, hadi Sudan na Ethiopia. Porini anazidi kuadimika, na tangu mwaka 2000 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, haujaruhusu hata mmoja aliyekamatwa porini auzwe nje kibiashara. Marekani mambo ni kinyume. Katika majimbo ya joto kama Arizona, California na Texas, vituo vya kuokoa wanyama hupokea sulkata wengi kuliko walezi wanaojitokeza. Waliuzwa wakiwa wadogo wa kuenea kiganjani, wakakua, wakawashinda wenyewe. Dume mzima anaweza kupita kilo 45, na kuishi zaidi ya miaka 50.

Ukimchukua mmoja wao, umefanya jambo jema sana. Lakini kobe halii njaa wala haombi kitu. Ukimya wake tunaufasiri tunavyotaka sisi, na mengi yanayomdhuru wiki za mwanzo hufanywa na watu wanaompenda kweli. Ndiyo maana nataka dhana hizi zisahihishwe kabla hajavuka kizingiti.

Dhana: Amejificha na hataki kula, basi ni mgonjwa

Kobe aliyehamishwa amepoteza kila alichokijua: harufu ya udongo, upande linakochomoza jua, pembe aliyokuwa akilala. Atajificha, atakataa chakula siku kadhaa, au atatembea akiambaa na ukuta kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa kobe mzima mwenye afya, siku chache bila kula hazimdhuru. Kumchomoa mafichoni kila saa ili kumwonyesha majani ndiko kunakorefusha hofu yake.

Kabla hujawaza ugonjwa, pima joto. Kobe hawezi kujitengenezea joto la mwili kama sisi, na tumbo lake husaga chakula pale tu anapokuwa amepata joto la kutosha. Sulkata anahitaji mahali pa kuota joto penye nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi, na upande wa pili wenye kivuli, nyuzi 27 hivi, ili achague mwenyewe. Nunua kipimajoto, maana kiganja hakipimi. Wako watu wanaobadilisha mboga kila siku wakidhani kobe ni mchaguzi, kumbe taa ya joto imening'inizwa juu mno.

Kwa wiki mbili za mwanzo, weka chakula asubuhi mahali palepale, weka maji, kisha ondoka. Watoto wamtazame kwa mbali. Ukimkaribia akavuta kichwa huku akitoa sauti ya "hsss", usidhani amekasirika. Kichwa na miguu vikirudi ndani kwa ghafla, hewa husukumwa nje ya mapafu. Mpime uzito mara moja kwa wiki na uandike.

Zipo dalili ambazo hazisubiri: mapovu au kamasi puani, kupumua mdomo wazi, macho yaliyovimba au yaliyodidimia, gamba linalobonyea, uzito unaoshuka wiki baada ya wiki. Kobe hana msuli wa kiwambo kama wetu na hawezi kukohoa, kwa hiyo uchafu ukishaingia mapafuni hautoki kirahisi. Tafuta daktari wa mifugo anayewajua reptilia, na umtafute kabla hujamhitaji. Kobe mchanga naye asiachwe siku nyingi bila kula, kwa kuwa akiba yake mwilini ni ndogo.

Dhana: Mbebe mara kwa mara ili akuzoee

Akiinuliwa kutoka ardhini, kobe huona amekamatwa na adui. Wengi hukojoa palepale. Kwa mnyama wa nchi kavu hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kibofu chake ni ghala la maji ambayo mwili unaweza kuyatumia tena siku za ukame. Ikibidi kumwinua, tumia mikono yote miwili, usimpandishe juu, na baadaye umpe maji. Kuzoea kutakuja kwa njia nyingine. Kobe humtambua anayemletea chakula, na baada ya miezi kadhaa wengi humwendea wenyewe. Kaa chini karibu naye, usimguse, mwache aje.

Dhana: Ni wa jangwani, hahitaji maji

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana madhara yake hubaki mwilini maisha yote. Sulkata haishi Sahel kwa kuuvumilia ukavu, huukimbia. Huchimba shimo lenye urefu wa mita kadhaa, ambamo hewa ni ya baridi na yenye unyevu, akashinda humo saa za jua kali na kutoka asubuhi au jioni. Ukimweka kobe mchanga kwenye sanduku la mchanga mkavu chini ya taa kali, umempa jangwa ukamnyima shimo.

Matokeo huonekana mgongoni. Kila pande la gamba hupanda juu kama kilima badala ya kukua laini. Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa protini. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo ya kuwalea sulkata wachanga katika viwango tofauti vya unyevu na vya protini: hewa kavu ndiyo iliyoleta vilima zaidi, na mchango wa protini ulikuwa mdogo. Kobe wengi wanaotoka vituoni huja na vilima tayari. Haviondoki, lakini ukirekebisha mazingira ya yule anayeendelea kukua, gamba jipya linaweza kuota vizuri.

Kwa hiyo mwogeshe. Chukua karai pana, tia maji ya vuguvugu yasiyovuka kidevu chake, mwache humo dakika 15 hadi 20. Kobe mchanga mwogeshe kila siku. Mkubwa mara moja au mbili kwa wiki, na zaidi kidogo anapokuwa mgeni. Akitoa mkojo wenye uji mweupe laini, usishtuke, ni takataka ya kawaida ya figo. Uji huo ukiwa na chengachenga kama mchanga, amekaukiwa. Malalo yake yawe udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ukiunyunyizia maji. Pwani makumbi yanatupwa. Ughaibuni huuzwa yameshindiliwa kama matofali, nayo yanafaa vilevile.

Dhana: Jua la dirishani linamtosha

Kioo huzuia UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila mionzi hiyo ngozi yake haitengenezi vitamini D3, wala kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa. Gamba hulainika, miguu hupinda. Jua la nje halina mbadala ulio bora. Msimu usioruhusu, tumia taa ya UVB, na uibadilishe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi miezi 6 hadi 12, kwa kuwa mionzi huisha wakati mwanga ungali unawaka.

Dhana: Kobe hula chochote cha kijani

Sulkata ni mla nyasi. Nyasi mbichi na kavu ndizo ziwe sehemu kubwa kabisa ya sahani yake, kisha ndipo yaje majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, na dungusi kakati lililotolewa miiba. Mchicha na spinachi vina oksalati inayoshika kalsiamu, kwa hiyo viwe vya mara mojamoja. Sukuma wiki na kabichi navyo viwe vya mara mojamoja. Letisi ni maji matupu. Ugali, wali, mkate, maziwa na chakula cha mbwa visimkaribie kabisa.

Matunda ndiyo yanayozua ubishi. Utasoma mahali kwamba kobe hula embe na papai, na ni kweli, kwa kobe wenye miguu myekundu wa Amerika Kusini. Sulkata, na hata kobe wetu wa Afrika Mashariki mwenye madoa kama ya chui, wana utumbo uliozoea kuchachusha nyasi. Sukari nyingi huvuruga vijidudu vinavyofanya kazi hiyo, akaharisha. Jua kwanza umemchukua kobe wa aina gani, ndipo usome ushauri wa chakula.

Kwa kalsiamu, mpe ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, autafune atakavyo. Porini kobe hutafuta madini hayo wenyewe: wameonekana wakitafuna mifupa mikavu, na hata kinyesi cheupe cha fisi. Na kabla hujabadilisha chochote, uliza kituoni alikuwa analishwa nini. Kama ni vibaya, badilisha kidogokidogo. Tumbo nalo linahamia nyumba mpya.

Dhana: Ni mpweke, mtafutie mwenzake

Nadhani kisa cha Mombasa kimechangia. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyepewa jina la Owen aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, bustani ya wanyamapori ya Mombasa. Huko akamganda kobe mkubwa wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, aitwaye Mzee, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130, na picha zao zikazunguka dunia. Ni kisa kizuri, nami nakipenda. Ila aliyekuwa akitafuta mwenzake ni kiboko, mnyama wa kundi aliyepoteza mama.

Kobe huishi peke yake bila dhiki. Sulkata madume wawili katika ua mmoja hupigana, hugongana magamba, mmoja humpindua mwenzake, na aliyepinduka juani anaweza kufa asiponyanyuliwa mapema. Hata wasipopigana, mnyonge huzuiwa chakula na mahali pa kuota joto, nawe ukaona amani tupu. Kama tayari una kobe mwingine, mgeni akae mbali naye kwa miezi, si siku, na vyombo vyao visichanganywe. Virusi vya hepesi na bakteria wa maikoplazima huweza kubebwa na kobe anayeonekana mzima kabisa.

Dhana: Baridi ikija, atalala hadi iishe

Wapo kobe wanaolala msimu wa baridi, kama wale wa nchi za Mediterania na kobe wa jangwa wa Marekani. Sulkata hayumo. Kwao hakuna majira hayo, na ubaridi wenye unyevu humletea nimonia. Anayeishi Texas au Arizona anahitaji kibanda chenye joto usiku wa Desemba. Anayeishi kaskazini zaidi ajiulize kwa moyo mweupe kama ana chumba cha kumtosha mnyama wa kilo 45 kwa nusu ya mwaka.

Dhana: Ua wowote utamzuia, kwani anatembea polepole

Anachimba, na ana nguvu ya kusukuma. Uzio ushuke ardhini, na sehemu ya chini iwe ya mbao au matofali asiyoweza kuona upande wa pili. Akiona nje kupitia waya, atausukuma siku nzima hadi ajichubue. Mbwa wa nyumbani asiachwe naye peke yake, hata awe mpole namna gani. Mbwa hutafuna gamba kama mfupa, na hujaribu siku moja tu ambayo hukuwepo.

Kuhusu gamba lenyewe, naomba tuyaache mambo manne. Usilitoboe ili kumfunga kamba, usilipake rangi, usilipake mafuta, wala usihesabu miduara yake ukidhani ni miaka. Miduara hufuata vipindi vya kukua, na kwa mwaka mmoja huweza kuongezeka zaidi ya mmoja. Gamba ni mifupa hai, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, lina neva na linahisi. Ukishamgusa, nawa mikono kwa sabuni, maana kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba la chini ya inchi 4 kwa sababu ya watoto walioambukizwa.

Dhana: Nimemwokota barabarani, kwa hiyo nimemwokoa

Hapa nasema na walioko nyumbani Afrika Mashariki. Kobe anayevuka barabara Dodoma au Machakos hajapotea. Mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na ile ya Tanzania ya mwaka 2009 haziruhusu kumfuga bila kibali, na sababu yake tuliiona Zanzibar. Kobe wanne wa Aldabra waliletwa kisiwa cha Changuu kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kufikia 1955 walikuwa wamezaana hadi karibu 200. Wakaibwa, wengine kwa nyama, wengine kuuzwa nje wakafugwe, hata mwaka 1996 wakabaki saba.

Kosa la pili ni kinyume chake: kumwachia huru kobe wa kufugwa pale anapokushinda. Kobe wa jangwa la Mojave aliingizwa mwaka 1990 katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini, na ugonjwa wa njia ya hewa ulikuwa miongoni mwa sababu. Kobe wa majumbani walioachiwa porini wanatajwa kuwa moja ya njia za kuueneza. Ikitokea huwezi tena, mrudishe kituoni ulikomchukua, pamoja na daftari la uzito wake na orodha ya anachokula, ili mlezi anayefuata asianze gizani.