Teke halijui limetoka karate au taekwondo

Kila kundi jipya la wanafunzi huwa na mtu wa kusema hivi: teke la taekwondo ni la madoido, la kugusa tu upate pointi, ukitaka teke la kumwangusha mtu, nenda karate. Wiki hii nimelisikia mara tatu, mara ya mwisho kutoka kwa mzazi aliyetaka kumhamisha mwanawe kwa sababu hiyo hiyo. Nimefundisha michezo yote miwili kwa miaka mingi na nimechoka kulijibu jambo hili kwa sentensi mbili mlangoni.

"Taekwondo ni kugusa, karate ndiyo yenye nguvu"

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, ilichezwa fainali ya kumite, pambano la ana kwa ana la karate, ya wanaume wa uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele kwa pointi 4 dhidi ya 1 za Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu, likaingia sawasawa, Ganjzadeh akaanguka na kutolewa kwa machela. Waamuzi wakakaa, wakaamua kwamba Hamedi amepiga kwa nguvu kupita kiasi, wakamwondoa. Dhahabu ikaenda kwa aliyekuwa amelala chini.

Sasa peleka teke hilo hilo kwenye ulingo wa taekwondo ya Olimpiki. Ukimpiga mpinzani teke halali la kichwa akashindwa kuinuka hadi mwamuzi amalize kuhesabu kumi, umeshinda. Hakuna kikao. Kwa maneno mengine, kati ya michezo hii miwili jinsi ilivyochezwa Tokyo, ule unaomtaka mpigaji azuie teke lake lisije likaumiza ni karate, na ule unaokubali limwangushe mtu ni taekwondo. Watu wanaoniambia kinyume wameyatazama mapambano yote mawili, ila hawajawahi kusoma kanuni hata ukurasa mmoja.

Lakini mbona taekwondo ya siku hizi inaonekana kama watu wanapapasana kwa miguu? Kwa sababu ya vifaa. Mchezaji huvaa hogu, ile kinga ya kiwiliwili, yenye vihisio kifuani, kofia yenye vihisio, na soksi zinazosomwa na vihisio hivyo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris, ngumi ya kifuani ilikuwa pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, na ukigeuza mgongo kabla ya kupiga unaongezewa 2. Kofia haidai kishindo kikubwa, hivyo makocha waligundua mapema kwamba mguu wa mbele ukiinuliwa na kuachwa unaning'inia hewani, ukamzuia mpinzani asiingie kisha ukampitia kichwani, unalipa kuliko teke zito la mguu wa nyuma. Hiyo ni hesabu ya mchezo. Mchezaji yule yule ukimpa ubao avunje, atageuza nyonga na kuuvunja vizuri sana.

Nguvu ya teke, kwa upande wake, huanzia chini. Mguu wa kusimamia unasukuma sakafu, wayo wake unageuka, nyonga inafuata, paja linavutwa na nyonga, goti ndilo linalofunguka mwisho. Kila kiungo kinachelewa kidogo nyuma ya kile kilichokitangulia, kama mjeledi. Mlolongo huo upo kwenye mawashi geri, teke la mzunguko la karate, na upo kwenye dollyo chagi, mwenzake wa taekwondo. Ukiukata popote, umebaki na uzito wa muundi na wayo peke yake.

Alinijia kijana mwenye mkanda wa kahawia wa karate, ana mapaja kama nguzo, akaniambia hataki "mambo ya kurukaruka". Nikamwomba apige gunia. Likalia kweli. Nikamwomba apige tena, safari hii nikatazama mguu aliosimamia. Vidole vyake vilikuwa vinaelekea mbele tangu mwanzo hadi mwisho, havikugeuka hata kidogo. Nyonga ilifika mahali ikakwama, na mzunguko uliobaki ukaishia kwenye goti la kusimamia. Nikamuuliza kama goti hilo humuuma jioni. Akashangaa nimejuaje.

Hapa ndipo hasira yangu inapotoka, nisiifiche. Dhana ya kwamba "karate ina nguvu yenyewe" humfanya mtu asijifunze kugeuza mguu, na goti ndilo linalolipa. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua. Likikunja kidogo huweza kuzunguka kiasi, lakini likisimama wima na wayo umeng'ang'ania sakafu huku mwili mzima unazunguka juu yake, kano za ndani na pedi za gegedu ndizo zinazosokotwa. Nimeona wanafunzi wa pande zote mbili wakiacha mazoezi kwa sababu hii. Teke la mzunguko likifika, kisigino cha mguu wa kusimamia kiwe kimeelekea au karibu kuelekea kwa unayempiga. Inua kisigino kidogo, zungukia nyuma ya vidole. Nalirudia hili darasani hadi wanafunzi wanalisema kabla yangu.

Tofauti zipo, na ni nzuri kuzijua. Zinatokana na kile ambacho teke linaogopa. Kwenye karate ya WKF, shirikisho la karate la dunia, mpinzani anaweza kukufagia mguu uliosimamia, na ngumi yake inaweza kuja usoni. Ndiyo maana mkarateka hufundishwa hikiashi, kuurudisha haraka mguu ulioutoa kabla ya kuuweka chini, mikono ikiwa juu na mwili haujalala sana nyuma. Kwenye taekwondo ya Olimpiki ngumi ya usoni imekatazwa, kupiga chini ya kiuno ni kosa, kushika mguu ni kosa. Kwa hiyo mchezaji anaweza kushusha mikono, kulala nyuma, kurusha teke la pili na la tatu kabla mguu haujagusa chini. Mtu akiniambia mikono ya wachezaji wa taekwondo imelala kwa uzembe, namjibu kwamba hakuna anayelinda mlango usioingiwa na mtu.

Halafu, karate ipi? Kyokushin, mtindo wa karate wa Mas Oyama, haizuii teke, inaruhusu mapaja yapigwe, lakini haitaki ngumi ya mkono usoni. Wachezaji wake husimama karibu na kupiga kwa muundi. Taekwondo ipi? Ile ya ITF, shirikisho jingine lisilo la Olimpiki, inaruhusu ngumi usoni, na ukiwatazama wachezaji wake utaona mikono iko juu zaidi. Ukilinganisha Kyokushin na taekwondo ya Olimpiki kisha ukatoa hukumu juu ya "karate" na "taekwondo", umelinganisha kanuni mbili tu.

"Mawashi geri na dollyo chagi ni teke moja, majina mawili"

Ni ndugu, si pacha. Katika mawashi geri ya dojo nyingi za mtindo wa zamani, goti huinuliwa likitokea pembeni, muundi unalala sambamba na sakafu, na kinachopiga ni koshi, ile nyama iliyo chini ya mzizi wa vidole. Dollyo chagi ya mashindano hupanda na goti moja kwa moja mbele kana kwamba unataka kupiga ap chagi, teke la mbele, kisha nyonga inageuka dakika ya mwisho na mgongo wa wayo ndio unaofika. Faida yake ni kwamba mpinzani hajui ni teke gani linakuja hadi limeshachelewa kuzuilika. Hasara yake ni mifupa midogo ya mgongo wa wayo, ambayo ikikutana na kiwiko huumia. Mkarateka akiniuliza aibe kitu gani taekwondo, namwambia aibe goti hilo la mbele.

Mkanganyiko kama huo uko kwenye teke la pembeni. Watu huchukua yoko geri keage, ambalo ni la kukata na kurudi, wakalilinganisha na yop chagi, teke la pembeni la taekwondo, kisha wakasema la karate ni dhaifu. Mwenzake yop chagi ni yoko geri kekomi, lile la kusukuma kwa kisigino na ukingo wa wayo. Linganisha hayo.

"Mateke ya juu ya taekwondo yana miaka elfu mbili"

Jina taekwondo lilichaguliwa mwaka 1955. Chung Do Kwan, moja ya shule zake za kwanza, ilianzishwa Seoul mwaka 1944 na Lee Won Kuk, aliyejifunza karate Japani kwa Gichin Funakoshi. Choi Hong Hi, aliyelipigania jina hilo, naye alikuwa na mkanda mweusi wa karate. Wakorea walikuwa na taekkyeon, mchezo wao wa miguu, na kupenda kwao teke si jambo la kuzuka jana. Lakini mfumo unaofundishwa leo ni wa karne ya 20, na ulitanuka haraka kuelekea miguu hasa baada ya vita.

Walimu wa karate nao wasishangilie. Kata, mfululizo wa miondoko iliyopangwa, tano za Heian hazina mawashi geri hata moja. Mateke ya kata za zamani za Okinawa karibu yote ni ya chini: kinena, goti, tumbo. Mateke ya juu na ya pembeni tunayoyaona kwenye Shotokan, mtindo wa karate wa Funakoshi, yaliendelezwa sana Tokyo na Yoshitaka, mtoto wa Funakoshi, aliyefariki mwaka 1945. Kwa hiyo teke la kichwa ni geni kwa wote wawili.

"Kabla ya teke la juu lazima upige msamba"

Hapana. Simama, vidole vimeelekea mbele, inua mguu pembeni bila kuugeuza. Karibu na nyuzi 45 utakwama, na hata ukivuta misuli mwaka mzima kikwazo kitabaki, kwa sababu mfupa wa paja unagongana na mfupa wa nyonga. Sasa geuza mguu wa kusimamia na uinamishe nyonga mbele kidogo: mguu unapanda. Misuli haijarefuka, mfupa umepata njia. Wanafunzi wengi wanaoniomba msamba wanachokosa ni mgeuko ule ule niliokwisha kuueleza.

Kinachofuata ni nguvu ya kuuinua mguu bila kuurusha. Shika ukuta au kiti. Kunja goti hadi usawa wa kiuno, geuza mguu wa kusimamia, kunjua polepole hadi utakapofika, ushikilie kwa sekunde tano, kunja tena, ndipo ushushe. Mara tano kila upande, siku tatu au nne kwa wiki. Misuli itatetemeka, hasa ya nje ya nyonga, na hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Ile mivuto mirefu ya kukaa chini dakika nzima iache hadi mwisho wa mazoezi. Ukiifanya kabla ya kupiga, misuli hupunguza ukali wake kwa muda.

Mwanafunzi asiyeweza kuushikilia mguu kwenye usawa wa kiuno kwa sekunde hizo tano simfundishi teke la kichwa, awe amevaa gi ya karate au dobok ya taekwondo.