"Moto si umezimika, vua tu maski": tunavyodanganyana kuhusu mavazi ya watu wa faya

Panapoungua mtaani hukosi mtu wa kupiga kelele, "nyumba inateketea hawa faya wanavaa mabuti!" Jamani, mwenye mazoezi anamaliza kuvaa kwa kama dakika 1 hivi, na akiingia nusunusu mtajikuta mna watu wawili wa kuokoa.

Halafu eti wakishavaa hawaungui. Wanaungua sana tu. Lile koti lina tabaka 3, la nje linastahimili moto, la kati linazuia maji, la ndani linachelewesha joto, na neno lenyewe ndio hilo, linachelewesha, maana chumba kizima kikishika moto kwa mpigo joto linapita nyuzi 500 na hapo hata aliyevaa kila kitu anahesabu sekunde. Sasa aliyesahau glovu au kuziba shingo je?

Ila inayoniudhi kuliko zote ni ile ya eti kitambaa kibichi puani kinatosha kwenye moshi. Kitazuia masizi kidogo, sawa, lakini kaboni monoksaidi inapita kama vile hakipo, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania kwenye damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Na nyumba za siku hizi sio miti na makuti tu, kuna sofa, godoro la sponji, zulia la nailoni, hivyo vikiungua vinatoa hadi sumu ya sianidi, na zile nyaya na mabomba ya plastiki ya PVC zinatoa gesi ya asidi inayochoma koo. Hapo ni mtungi na maski ya uso mzima, basi. (Na mtungi ule una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, sio oksijeni tupu kama watu wanavyosema, oksijeni tupu kwenye moto ni balaa jingine.)

Moto ukizimika ndio wengi wanavua maski, wanaanza kufukua mabaki huku wanapiga stori. Moshi hauonekani lakini mabaki bado yanafuka gesi, na kama paa lilikuwa la asbesto vumbi lake linaingia mapafuni.

Koti jeusi kwa masizi nalo watu wanaliona la jembe, mzoefu. Ni uchafu unaopenya ngozi. Mwaka 2022 IARC, wale wa utafiti wa saratani walio chini ya WHO, waliiweka kazi ya zimamoto Kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, kundi moja na sigara. Kwa hiyo koti lioshwe kila baada ya moto, tena kazini, sio libebwe nyumbani likachanganywe na nguo za watoto.

Kuna hoja moja naikubali nusu, ya joto. Mavazi ukijumlisha na mtungi ni kilo 20 na zaidi, we fikiria Dar mwezi wa kwanza, mtu anaweza kuanguka kwa joto la mwili wake mwenyewe. Ila dawa yake ni zamu fupi, maji ya kunywa ya kutosha na sehemu yenye kivuli, na koti livuliwe huko kivulini, sio ndani.