Noti mbili za riali elfu moja

Kila ninapofundisha habari za Yemen, swali la kwanza huwa lilelile: si ni Mashia na Masuni tu wanapigana? Huwa natoa noti mbili za riali 1,000 na kuzipitisha darasani. Moja imechakaa, imelegea kama kitambaa, imeungwa kwa selotepu. Nyingine ni ndogo kidogo na bado inakakamaa. Maandishi ni ya benki kuu ileile, lakini ile kuukuu ndiyo yenye thamani.

Kabla ya vita dola moja ilikuwa riali 215 hivi, uwe Sana'a au Aden. Septemba 2016 Rais Hadi, akiwa ameshaukimbia mji mkuu, alihamishia Benki Kuu Aden. Wahouthi, waasi wa kaskazini waliouteka mji mkuu huo, wakabaki na jengo la Sana'a na soko kubwa la nchi. Aden, yenye mishahara ya kulipa na hazina tupu, ikachapisha noti mpya Urusi. Desemba 2019 Wahouthi wakazipiga marufuku. Tangu hapo Sana'a dola imekuwa ikizunguka riali 500 na kitu, huku Aden ikiwa imewahi kupita 2,000. Muhadhrami, mtu wa Hadhramaut mashariki mwa Yemen, aliyeko Jeddah (hao ndio Washihiri wetu wa pwani, wameitwa hivyo kwa bandari ya Shihr) akisikia bei ya riali lazima aulize: ya wapi?

Madhehebu yamo, sikatai. Lakini Ali Abdullah Saleh, rais aliyemtangulia Hadi, alizaliwa Mzaidi (tawi la Ushia) kama Wahouthi, na bado alipigana nao vita sita kati ya 2004 na 2010. Mwaka 2014 watu wake wakawafungulia njia ya Sana'a. Desemba 2017 akawageuka, wakamuua ndani ya siku chache. Mwenyewe alikuwa akisema kutawala Yemen ni kucheza juu ya vichwa vya nyoka. Nyoka wengi aliwafuga yeye.

Mimi hufuata mshahara. Kaskazini na Kusini ziliungana Mei 1990 kwa haraka, majeshi yakabaki mawili, na 1994 yakapigana. Kusini ikashindwa, na maelfu ya askari na watumishi wake wakastaafishwa kwa nguvu. Vuguvugu la Hirak la 2007 lilianzishwa na maofisa hao, wakidai kwanza pensheni na kurudishwa kazini. Bendera ya nchi yao ya zamani ilikuja baadaye. Julai 2014 serikali ilipoondoa ruzuku ya mafuta, Wahouthi walipata kaulimbiu iliyowaingiza mjini Septemba.

Machi 2024 Sana'a ikatoa sarafu ya riali 100 kuchukua nafasi ya noti zilizochanika. Aden ikasema ni ghushi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, basi mwalimu wa shule kule Sana'a hulipwa kwa ipi? Wengi wao, tangu mwisho wa 2016, hupata nusu mshahara leo, kisha miezi inapita bila kitu.