Kabari Haifungi Pikipiki

Swali limerudi tena wiki hii: ukisafirisha pikipiki kwenye gari, je, kabari pekee inatosha? Jibu ni lile lile: kabari, yaani kile kishikio kinachoingizwa tairi la mbele, haifungi pikipiki. Kazi yake ni kulizuia tairi la mbele lisibingirike wala kukata kona. Kinachoizuia pikipiki isilale ni mikanda. Anayesema "tairi limeshaingia, twende" hajafunga kitu.

Kabari yenyewe ipime kwanza. Nyingi za dukani zimetengenezewa pikipiki kubwa zenye tairi nene. Tairi la mbele la Boxer ni 2.75-17, upana kama milimita 70. Likicheza humo, jazia vipande vya mbao pande zote mbili hadi litulie. Kabari ipigwe bolti zinazotoboa sakafu ya bodi, na washa pana (visahani vya chuma vya bolti) chini. Misumari kwenye mbao za Canter hung'oka.

Sasa mikanda. Usifunge kwenye usukani, maana hujizungusha kwenye vishikio vyake na mkanda ukalegea. Pitisha kitanzi laini kwenye kile chuma cha chini kinachoshika shoku zote mbili, vuta mbele na chini, nyuzi 45 hivi, ukikaza kushoto na kulia kwa zamu. Stendi ya pembeni ikunje kabla ya kukaza; ukiiacha, nguvu yote ya mkanda inashukia mguu mmoja na kibao chake kinapinda.

Kaza hadi shoku zibonyee kama theluthi. Gari likiruka tuta, pikipiki hutaka kuzama. Ikizama, mkanda unalegea kwa kufumba na kufumbua, na ndoano isiyo na kilango cha kuifunga mdomo inachomoka kwenye pete kimya kimya. Tuta linalofuata, pikipiki iko chini. Shoku iliyobonyezwa inausukuma mkanda muda wote, kwa hiyo mtikisiko mdogo hauulegezi. Ukiibana hadi mwisho nayo ni kosa: haina tena pa kwenda, kila shimo linagonga fremu na mikanda. Lile onyo kwamba kukaza kunapasua sili za shoku (raba zinazozuia mafuta yake yasivuje), mimi nalitilia shaka. Sili hizo hizo hubeba mgandamizo mkubwa zaidi kila siku kwenye barabara ya vumbi.

Raba za tyubu zifungie magunia. Zinavutika, na pikipiki inapata nafasi ya kuyumba.

Nyuma weka mikanda miwili kwenye fremu chini ya siti, si kwenye keria. Hii haihitaji nguvu nyingi, inazuia tu mkia usirukeruke pembeni. Funga koki ya petroli, la sivyo mtikisiko utaifurisha kabureta. Baada ya kilomita 10 simama ukaze upya, kwa sababu tairi huwa limeshajikalia na mikanda imelegea.

Ukiihifadhi pikipiki ndani, kabari bado iwe imefungwa sakafuni, maana kwenye saruji laini huteleza ukiisukumia pikipiki. Mikanda iguse tu. Jaza upepo, mwaga petroli ya kabureta, chomoa waya hasi wa betri, na kila wiki mbili zungusha matairi kidogo.