Haki za kisheria na mtazamo wa jamii: nchi zinapolinganishwa kuhusu LGBT, kinacholinganishwa ni nini?

Ukitoka Tanga mjini ukashika barabara ya Horohoro, haikuchukui muda kufika mpakani. Upande wa pili ni Lungalunga, Kenya. Wadigo wako huku na wako huko, harusi zinavuka na misiba inavuka. Kinachobadilika pale kizuizini ni kitabu cha sheria. Huku kwetu, kumwingilia mtu "kinyume cha maumbile" ni kosa chini ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni hadi kifungo cha maisha, na hakimu haruhusiwi kushuka chini ya miaka 30. Ukishavuka, kifungu cha 162 cha Kenya kinazungumzia miaka 14. Na ukipanda chombo kwenda Pemba, bado uko Tanzania, lakini Zanzibar ina sheria yake ya jinai, na tangu 2004 sheria hiyo imewataja waziwazi hata wanawake kwa wanawake.

Sheria tatu hizo, zote ndani ya safari ya siku moja. Sasa waulize watu maoni yao Duga, uulize Lungalunga, uulize Wete. Sidhani majibu yatatofautiana kwa kiasi ambacho vitabu vya sheria vinatofautiana.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. LGBT ni ufupisho wa Kiingereza unaojumlisha wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, wanaopenda jinsia zote mbili, na watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mtu anapokuletea orodha au ramani ya rangi inayopanga nchi kuhusu watu hao, mara nyingi amechanganya vipimo viwili. Cha kwanza ni haki za kisheria: je, tendo ni kosa la jinai, ndoa inatambulika, mtu analindwa asifukuzwe kazi, chama kinaweza kusajiliwa, jina na jinsia kwenye kitambulisho vinabadilishika? Cha pili ni mtazamo wa jamii, yaani watu wenyewe wanasema nini wakiulizwa. Wapo wanaochukua alama za sheria na alama za maoni, wakazijumlisha na kugawa kwa mbili ili kila nchi ipate namba moja. Kwangu hiyo ni sawa na kujumlisha urefu wa mtu na uzito wake, ukagawa kwa mbili, halafu ukatangaza afya yake.

Tuanze na sheria. Kifungu chetu cha 154 hakimjui "mtu wa LGBT". Kinachokijua ni tendo. Ukikisoma taratibu utaona kinasema mtu yeyote atakayemwingilia mtu yeyote kinyume cha maumbile, kwa hiyo hata mume na mkewe wamo ndani yake. Wanaume wawili wana kifungu chao cha pembeni, cha 157, kuhusu vitendo vya aibu baina ya wanaume. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Ukimaliza hapo, kwa sehemu kubwa umemaliza. Katiba yetu inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, lakini mwelekeo wa kimapenzi haumo kwenye orodha hiyo. Afrika Kusini walilitaja jambo hilo ndani ya katiba yao ya 1996, na wanaume wawili au wanawake wawili wanaweza kufunga ndoa huko tangu 2006.

Asili ya maneno hayo ya "maumbile" ni mjadala unaopenda kelele. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930, na maneno yake yana ndugu Kenya, Uganda, na hasa India, ambako kifungu cha 377 kilikuwapo tangu enzi za 1860, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokipunguza makali mwaka 2018 kwa watu wazima walioridhiana. Kabla ya Waingereza tulikuwa na Wajerumani, wale waliotawala kutoka Bagamoyo kabla ya kuhamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Kwao kulikuwa na kifungu cha 175 kilichowalenga wanaume, na hawakukifuta kabisa hadi 1994. Leo Ujerumani inafungisha ndoa za jinsia moja, tangu 2017. Ufaransa ililiondoa kosa hilo mapema mno, mwaka 1791. Rwanda na Kongo hazina kifungu cha namna hiyo. Burundi, jirani yao, haikuwa nacho mpaka ilipokitunga yenyewe mwaka 2009.

Kwa hiyo anayesema sheria hii ni ya mkoloni ana nusu ya ukweli. Maneno ni ya mkoloni. Kiwango cha miaka 30 kiliingizwa na Bunge letu mwaka 1998, kwa ile sheria ya makosa ya kujamiiana.

Sheria kuandikwa ni kitu kimoja, kutumika ni kingine. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza msako, akawataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Katika siku hizo zote hakuna herufi iliyobadilika kwenye kifungu cha 154. Ramani ya rangi ingeonyesha Tanzania ileile, ingawa hofu mitaani haikuwa ileile. Kenya nako, Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 mwezi Mei 2019. Kisha Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ikaamua kwamba chama kinachotetea watu hawa kilinyimwa usajili isivyo halali. Yaani tendo ni kosa, lakini kukutana na kuunda chama ni haki. Rangi moja itabeba vipi mambo mawili kama hayo?

Na mtazamo? Hapa namba huwa zinadanganya watu wazima na akili zao. Turudi Afrika Kusini. Mwaka 2013 shirika la Pew la Marekani liliuliza kama jamii inapaswa kuukubali ushoga, na 32% tu ya Waafrika Kusini wakasema ndiyo. Mwaka mmoja au miwili baadaye Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya watu barani Afrika, ikatoa picha ya 67%. Nchi ileile! Msomaji wa haraka atasema watu wamegeuka kwa kasi ya ajabu. Lakini Afrobarometer haikuuliza kuhusu jamii kukubali. Iliuliza kuhusu jirani: ungependa, usingependa, au usingejali kuwa na jirani wa namna hii? Na anayejibu "sijali" huhesabiwa upande wa wavumilivu. Kuna mtu asiyekubaliana kabisa na jambo, lakini nyumba ya jirani haimhusu. Kwa Pew mtu huyo ni "hapana", kwa Afrobarometer ni "ndiyo". Pew walipouliza tena mwaka 2019 wakapata 54%.

Katika nchi 33 za Afrika zilizoulizwa swali hilo la jirani miaka ya 2014 na 2015, ni nne tu zilizovuka nusu: Cape Verde, Afrika Kusini, Msumbiji na Namibia. Kwa wastani, 21% ya wahojiwa ndio waliosema wangependa au wasingejali. Kwa Kenya, swali la Pew lilipata 8% mwaka 2013 na 14% mwaka 2019.

Mimi hujiuliza pia mazingira ya jibu. Mahojiano ya Afrobarometer ni ya ana kwa ana, mtu na mtu. Fikiria yanafanyika Makorora saa kumi alasiri: mhojaji kakaribishwa kiti barazani, mhojiwa yuko hapo, mkwe anachambua mchele pembeni, watoto wamesimama kusikiliza. Linafika swali hilo. Jibu litakalotoka linatuonyesha kile ambacho mtu anaona ni salama kukisema mbele ya mkwe, na hiyo nayo ni taarifa ya maana kuhusu jamii. Lakini yaliyo moyoni mwake ni habari nyingine.

Basi je, sheria huwafuata watu au watu huifuata sheria? Hakuna mwelekeo mmoja. Ireland waliwauliza wananchi mwaka 2015, na 62% wakapitisha ndoa ya jinsia moja. Taiwan mahakama iliagiza mwaka 2017, wapiga kura wakakataa kwa zaidi ya 70% mwaka 2018, na bunge likatunga sheria maalumu ya ndoa hizo mwaka 2019. Japani ni kinyume: 68% walimwambia Pew kwamba jamii ikubali, lakini sheria ya taifa ya ndoa haijabadilika. Rwanda haina kosa la jinai, ila usidhani mtu anatembea Kigali akijitangaza.

Halafu kuna zile herufi zenyewe. Iran inaweza kumhukumu kifo mwanamume kwa kulala na mwanamume mwenzake, lakini inaruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, kwa msingi wa fatwa ya Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya nchi hiyo. Pakistan ilitunga sheria ya kuwalinda waliobadili jinsia mwaka 2018 huku kifungu cha 377 cha Mwingereza kikiwa bado hai, na mwaka 2023 Mahakama ya Sharia ya nchi hiyo ikakata vipengele vya sheria hiyo mpya. Ukiipa Iran alama moja kwa herufi zote nne, umemdanganya anayeuliza kuhusu ya nne, na umemdanganya zaidi anayeuliza kuhusu ya pili.

Jambo la mwisho ni tarehe, nalo ni dogo lakini linaleta ugomvi mwingi kwenye makundi ya WhatsApp. Msumbiji ilifuta kosa hilo mwaka 2015. Botswana mahakama ililifuta 2019, na rufaa ya serikali ikagonga mwamba 2021, mwaka uleule sheria mpya ya Angola, isiyo na kosa hilo, ilipoanza kazi. Uganda ilikwenda njia nyingine mwaka 2023, ikaweka mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Mali ililifanya kuwa kosa mwaka 2024, Burkina Faso 2025. Anayekutumia ramani ya 2022 atakuonyesha nchi hizo mbili za mwisho hazina kosa, na kwa mwaka huo atakuwa sahihi kabisa.