Anayemkimbilia Mchezaji Aliyeumia Si Mbeba Maji

Wengi wakitazama michezo ya vyuo vikuu vya Marekani humdhani yule anayemkimbilia mchezaji aliyeumia kuwa kocha wa viungo, au kijana wa chupa za maji na barafu. Si kweli. Ni mhudumu wa afya wa wanamichezo, aitwaye kwa Kiingereza athletic trainer. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua taaluma hii mwaka 1990. Siku hizi anayeanza masomo husoma hadi shahada ya uzamili, kisha hufanya mtihani wa taifa.

Januari 2, 2023, moyo wa Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, uliposimama uwanjani Cincinnati, aliyemkandamiza kifua alikuwa Denny Kellington, mhudumu wa aina hiyo katika timu yake, aliyewahi kuifanya kazi hiyo Chuo Kikuu cha Syracuse. Ile ni ligi ya kulipwa, lakini taaluma ni ileile.

Sehemu kubwa ya kazi haionyeshwi kwenye televisheni. Kano ya goti ikishafanyiwa upasuaji, huwa ni miezi tisa au zaidi ya kunyoosha mguu, kuimarisha paja, kujifunza upya kuruka na kutua, huku kocha akiuliza mchezaji atarudi lini. Hapo ndipo naiheshimu zaidi kazi hii: kumwambia kijana mwenye hamu ya kucheza kwamba bado. Katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, uamuzi huo ni wa mhudumu huyo na wa daktari wa timu. Kocha hana mamlaka ya kuupindua.