Dola haisimami juu ya dhahabu

Katika mabaraza ya Mji Mkongwe bado utasikia kwamba dola ina nguvu kwa sababu kila noti ina dhahabu yake ghalani Marekani. Jambo hilo lilikwisha tarehe 15 Agosti 1971, Rais Richard Nixon aliposimamisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu. Na hata kabla ya hapo, tangu miaka ya 1930, raia wa kawaida hakuruhusiwa kubadilisha.

Tazama akiba za Marekani na China, yaani dhahabu na fedha za kigeni ambazo nchi hujiwekea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na zaidi ya tani 20,000 za dhahabu. Sasa ina takriban 8,133, bado ya kwanza duniani. Fedha za kigeni inaweka chache tu, kwani dunia inalipana kwa dola, sarafu ya Marekani yenyewe! China ilikusanya fedha za kigeni hadi karibu dola trilioni 4 mwaka 2014, kisha ikatumia sehemu yake kuitegemeza yuan, sarafu yake.

Zanzibar haina akiba yake peke yake: sarafu ni jambo la Muungano. Dola za karafuu na utalii zinazonunuliwa na Benki Kuu ya Tanzania huingia akiba ya taifa, ambayo hupimwa kwa miezi mingapi ingetosha kulipia bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, si kwa tani za dhahabu.